Mwali wa Mwembesongo

Kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilikufikia limeshafungiwa vitumbua, pole, ila hukukosa mengi. Mwaisha yuko ndani. Kufuli limelia ka! upande wa nje, na sauti ya mwanamume imemwambia kupitia tundu la mlango, "Sasa umekuwa mwali kweli."

Sauti ile Mwaisha aliijua. Ilikuwa ya mjomba wake, Dadi, ndugu wa tumbo moja na marehemu mama yake.

"Shikamoo mjomba," akasema. Adabu ilitangulia hofu.

"Marahaba. Kaa utulie."

"Kufuli la nini? Kwenye onyesho langu kuna komeo la nje tu, hakuna kufuli."

"Onyesho lako!" Dadi akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye haraka. "Siku ya nne leo umo chumba cha giza, umejipaka udongo, umejifunika kaniki, mwana hiti mbele yako. Sisi watu wa Kinole huyo tunamwita mwali. Na mwali hana neno kikaoni. Mjomba wake ndiye humsemea."

"Kikao gani?"

"Cha shamba. Leo saa kumi."

"Uliniambia Jumamosi ijayo!"

"Basi nimekuambia upya."

Ngoja nimsaidie msomaji mgeni, halafu tukimbie. Kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Shamba la Kinole, lenye mdalasini na migomba, na kaburi chini ya mfenesi ulioinama, lilikuwa la Mwajuma. Mwajuma alipofariki likawa la binti yake huyu mmoja. Dadi ni mwangalizi tu. Lakini amepata mtu wa hoteli anayekitaka kilima chote, kaburi na mfenesi humo humo. Mwaisha akifika kikaoni akasema hapana, hakuna mauzo. Asipofika, mjomba atasema ndiyo kwa niaba yake.

Na kuna hili. Mwaisha hakuwahi kuchezwa. Mama yake alikufa yeye ana miaka tisa, akalelewa mjini, akapevuka bila kuwekwa ndani, bila somo wa kumfunda, bila ngoma. Jambo hilo lilimuuma hata alipokuwa msanii mwenye jina lake. Ndipo akabuni kazi hii: kile chumba cha mizani katika ghala la zamani la Mwembesongo, ambalo siku hizi ni nyumba ya sanaa ya mtaa, akakikandika udongo, akajiweka humo siku saba, watu wamchungulie kwa matundu ya mlango. Akaiita kazi yake "Mwali". Jina hilo ndilo lililomponza.

"Simu yako ninayo," Dadi akasema. "Na huyu pia ninaye."

Kwenye tundu kikatokea kichwa cha mti chenye vishungi viwili. Mwana hiti! Kile kisanamu kisicho na mikono ambacho mwali hupewa akae nacho mpaka siku ya kutoka.

Mwaisha akageuka upesi. Kigoda alichokuwa amemweka mwana hiti kilikuwa kitupu. Akalitazama sanduku la mbao alilokuwa amelikalia, akashusha pumzi. Mtu ameibiwa, anashushaje pumzi? Subiri kidogo, utajua.

Akakimbilia kidirisha cha nondo kinachotazama barabarani. Akamwona Dadi amesimama kando ya gari jeupe, anampima mwana hiti kiganjani, kisha anamnusa kama mtu anayenunua samaki asiyemwamini. Uso wa mjomba ukabadilika. Akamwita bodaboda mmoja aliyevaa koti la mvua la njano, jua la saa sita linawaka, akamnong'oneza jambo. Pikipiki ikaelekea sokoni, gari likaelekea milimani.

"Nifungulieni!" Mwaisha akapiga mlango kwa viganja vyote viwili. "Jamani nimefungiwa! Huu si mchezo!"

Ukumbini watu waliacha vinyago vya mabati na picha za reli ya Kingolwira, wakaja mbio. Walipofika wakapiga makofi.

"Noma sana," kijana mmoja akasema, simu juu, anarekodi. "Huyu sista anajua kulia, aisee."

"Mimi nimesisimka mpaka vinyweleo."

"Siigizi! Mjomba wangu kanifungia! Fungueni!"

Mwanachuo mmoja, jina lake Angelina, msichana mwenye huruma, alilishika lile kufuli akalitikisa. Kisha macho yake yakaangukia ubao uliotundikwa pembeni ya mlango. Akausoma kwa sauti, kila mtu akasikia.

"Kanuni za mtazamaji. Moja, nikilia, msinifungue. Mbili, nikisema mchezo umekwisha, msiniamini. Tatu, mtu akitaka kuvunja mlango, shikaneni mikono mumzuie." Akaliachia kufuli kama limemuunguza. "Samahani dada. Kidogo nikuharibie kazi."

Nani aliyeziandika? Mwaisha huyo huyo, kwa rangi nyeupe, mwandiko wa kupendeza. Alitaka watu waone jinsi mtoto wa kike anavyofungiwa na watu wema wanaofuata kanuni. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu wetu aliingia na ngazi akaivuta.

Nyuma ya watu alisimama mama mmoja kutoka Dar, mwenye miwani ya fremu nyekundu. Amekuja kuchagua kazi moja tu ya kupeleka kwenye maonyesho makubwa ng'ambo. Alikuwa anaandika kwenye daftari bila kuinua kichwa. Mwaisha alikuwa ameisubiri siku ya mama huyu mwaka mzima, na sasa angetoa chochote ili aache kuandika.

"Godlisten!" akaita. "Mwiteni Godlisten!"

Godlisten ndiye mtunzaji wa nyumba ile, kijana wa Kichaga aliyeacha kazi ya kiwandani kwa ajili ya rangi na turubai. Akaja, akaweka jicho kwenye tundu.

"Maji?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Fungua mlango."

"Kanuni ya pili inasema..."

"Achana na kanuni! Mimi na wewe tulikuwa na alama yetu. Ulisema ukiona mwana hiti katolewa tundu la chini, utafungua hata kama waziri yupo ukumbini."

"Ndiyo. Lakini hajatoka."

"Atatokaje, na mjomba kaondoka naye!"

Kisha Godlisten akakohoa, na Mwaisha, anayemjua miaka mitatu, akajua kikohozi kile kina kesi.

"Godi. Umefanya nini?"

"Nilimpa mimi," akasema. "Saa tano, ulipokuwa umesinzia. Aliniambia kwenu posa hupitia kwa mjomba, na mwana hiti ndiye anayepeleka habari kwa ukoo. Nikamtolea. Akasema mwali akiposwa hufungiwa mpaka mjomba arudi na jibu, nikampa na kufuli. Simu pia. Alisema mchumba hapigi simu."

"Posa ya nani?"

"Yako."

"Nani kaniposa?"

"Mimi," Godlisten akasema. "Nilikuwa nikuambie Jumapili."

Sijui niwaambie nini, wasomaji. Kuna vijana wamepeleka ng'ombe, wengine wamepeleka vitenge. Huyu amepeleka kufuli. Na alilipeleka kwa moyo safi kabisa, hilo ndilo linalotia uchungu, kwa sababu kwao Machame hajawahi kusikia mjomba anayemfungia mpwa wake ili auze kaburi la dada yake.

"Ufunguo uko wapi?" Mwaisha akauliza, meno yamekutana.

"Ninao. Mfukoni."

"Basi nifungulie, ndoa tutaizungumza barabarani! Bado nawahi. Saa saba sasa hivi."

Godlisten akautoa ufunguo. Mwaisha akasikia chuma kikigusa chuma. Akavuta kaniki mabegani, akajiweka tayari kukimbia.

"Ushikwe mkono huo!"

Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee, na ilitoka mlangoni mwa ukumbi. Watu wakapisha njia. Aliingia bibi mfupi, kanga mbili, kapu la tangawizi kichwani, miguu ina vumbi la sokoni. Wote wakajikuta wanasema shikamoo, hata yule mama wa Dar.

"Marahaba, marahaba wanangu." Akatua kapu. "Wewe kijana, mtu wa wapi?"

"Moshi, bibi. Machame."

"Huko kwenu mwanamume ndiye anamtoa mwali?"

"Hapana bibi. Yaani, sijui bibi."

"Hujui. Lete ufunguo. Ufunguo wa mwali hukaa kwa somo."

Godlisten akautoa kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, na mimi niliyekuwa nampenda nikakosa hamu naye.

Ndani, Mwaisha alikuwa ameanza kulia, safari hii kwa furaha. Alikuwa Bi Hafidha! Bibi yake mzaa mama, aliyemzaa Mwajuma, mwanamke pekee duniani mwenye haki ya kumtoa.

"Bibi, shikamoo! Alhamdulillahi umekuja! Sikiliza, mjomba ame..."

"Nyamaza. Mwali hasemi."

"Lakini bibi, shamba..."

"Mwali hasemi!" Bi Hafidha akasogeza kinywa kwenye tundu. "Umeyataka haya mwenyewe. Mambo ya kinamama umeyaweka hadharani, mpaka wanaume wanachungulia. Sasa ukinena neno moja zaidi naondoka na tangawizi yangu."

Mwaisha akajiziba mdomo kwa kaniki. Saa inakwenda, kilima kiko mbali, na aliye na ufunguo hataki kusikia neno. Angefanyaje? Alikuwa na kipande cha mkaa na karatasi za kazi yake. Akapiga magoti chini, akachora.

Alichora mfenesi ulioinama. Chini yake akachora kaburi, na mawe saba yaliyolizunguka, kwa kuwa bibi mwenyewe ndiye aliyeyapanga. Kando akachora mtu mwenye tumbo la Dadi anapeana mkono na mtu mwenye tai. Akaipitisha karatasi tundu la chini.

Bi Hafidha hajui kusoma, ila picha hii aliisoma. Aliishika muda mrefu. Chozi likadondoka juu ya mkaa, likaacha alama.

"Mwajuma wangu," akasema.

Hata yule kijana wa simu aliacha kurekodi.

"Nisikilize, mjukuu wangu," bibi akasema, na sauti yake sasa ilikuwa laini. "Nikikufungulia sasa hivi, hata ukiwahi Kinole utafika bure. Mwenye mwana hiti ndiye mwenye neno la mwali. Dadi akimweka pale mezani, wazee watasema mwali amesema, yamekwisha. Ungekuwa naye mkononi, ningekutoa dakika hii hii. Huna. Nitafanya nini mimi, mwanamke mzee?"

Hapa ndipo Mwaisha alipobanwa kweli kweli. Maana neno la kumwokoa alikuwa nalo kinywani, na neno hilo hilo lingemzika.

Pembeni ya mlango, chini ya zile kanuni, palikuwa na kibao kingine alichokiandika: "Mwana hiti wa ukoo, amerithiwa vizazi vitano." Kwa ajili ya kibao hicho mama wa Dar amekuja mpaka Morogoro. Kwa ajili ya kibao hicho magazeti yameandika. Na kibao hicho ni cha uongo.

Akaitazama ile picha ya mtu mwenye tai iliyobaki kichwani mwake. Akamfikiria mama yake akifukuliwa ili pawekwe bwawa la kuogelea. Akavuta pumzi.

"Yule aliyechukuliwa ni bandia!" akapaza sauti, na safari hii bibi hakumkataza. "Nilimchonga mimi, mwezi wa tatu, kwa mti wa mpera! Nikamfukiza moshi ili aonekane mzee! Niliogopa kumweka wa kweli mbele ya watu. Nimewadanganya wote, mnisamehe!"

Mwaisha alifumba macho akisubiri matusi.

Watu wakapiga makofi. Walipiga kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, mwingine akapiga na mbinja. Mama wa Dar alivua miwani, akajifuta macho, akafungua ukurasa mpya wa daftari.

Maskini Mwaisha, hata kukiri alishindwa.

Ila bibi hakupiga makofi. Alisogea karibu na tundu, karibu sana, mpaka Mwaisha akanusa ugoro wake.

"Wa kweli yuko wapi?"

Mwaisha akaliendea lile sanduku la mbao alilolikalia siku nne. Akafungua kifuniko. Ndani, katikati ya pamba, alilala mwana hiti mdogo, mweusi wa mafuta ya mikono mingi, shanga nyeupe shingoni. Mama yake alimwachia siku tatu kabla ya kufa.

Kufuli likafunguka. Mlango ukasogea, na mwanga ukamwingia Mwaisha machoni mpaka akayumba. Bibi alikuwa amesimama kizingitini, ametandua kanga yake ya juu.

"Sasa tunaweza," akasema. "Lakini hutoki kama mbuzi kakata kamba. Utatoka kwa desturi, ili ufike kikaoni una neno. Mwana hiti hutangulia, mwali hufuata. Nipe nimfunge kwenye kanga. Wewe piga magoti, jifunike uso, inama. Ukisikia kigelegele changu, nyanyuka unifuate. Umeelewa?"

Mwaisha akaitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa na somo! Miaka kumi na minane alikuwa amekitamani kitu hiki, na sasa kimemjia mchana, kwa mkono wa bibi yake mwenyewe. Akamtoa mwana hiti kwa mikono miwili. Akapiga magoti. Akajifunika uso, akainama, moyo unamdunda kwa furaha.

Akasubiri kigelegele.

Akasikia ka!

Alidhani amesikia vibaya. Akabaki ameinama, mtoto mtiifu, akahesabu pumzi kumi. Kisha akafunua uso, na chumba kilikuwa giza.

"Bibi?"

Akakimbilia kidirisha cha nondo. Bi Hafidha alikuwa anavuka barabara, hana kapu, hana tangawizi, bunda la kanga amelikumbatia kifuani. Chini ya mwarobaini pikipiki ilikuwa inanguruma. Aliyeiendesha alivaa koti la mvua la njano.

"Umempata wa kweli, bibi?" akauliza kwa sauti ya kushinda injini. "Mzee Dadi kapiga simu mara tatu. Kasema yule wa mpera wazee watamnusa kama alivyomnusa yeye."

"Dadi ni mwanangu," Bi Hafidha akajibu, akipanda. "Waliokufa wamekufa. Twende."

Aligeuka mara moja tu kukitazama kidirisha. Uso wake ulikuwa umelowa, na machozi yale, naapa, yalikuwa ya kweli. Kisha pikipiki ikaondoka na mwana hiti, na ufunguo, na neno la Mwaisha.

"Godlisten!" Mwaisha alirudi mlangoni, akaupiga kwa ngumi mpaka udongo ukadondoka ukutani. "Vunja! Vunja mlango! Bibi kanisaliti, vunja!"

Na safari hii Godlisten hakuuliza swali. Aliiona pikipiki kwa macho yake. Alikimbia stoo, akarudi na mtalimbo mikononi, jasho linamtoka, uso wa mtu aliyeelewa mwishowe amefanya nini.

"Pisheni!" akafoka. "Pisheni nivunje!"

Watu wakatazamana. Wakautazama ubao.

"Kanuni ya tatu," Angelina akasema taratibu. Alikuwa analia, masikini, kazi ilikuwa imemgusa hivyo. Akasimama mbele ya mlango, akanyoosha mkono wake. Mama wa Dar akaweka daftari chini, akaupokea. Kijana wa simu akatia simu mfukoni, akaja upande wa pili. Wakaja na wengine, mmoja mmoja, bila kelele, kwa heshima.

Saa ya ukutani ilikuwa nane na robo. Mwaisha aliweka jicho kwenye tundu, akaona migongo ya watu wema imemziba, mikono imeshikana.